Majeruhi wa Kadi

Wajukuu zangu wakisikia kwamba babu yao alikuwa vitani, huniuliza niliua maadui wangapi. Nawajibu kwamba mwaka wangu wa kwanza wa vita sikumwona adui hata mmoja. Hilo huwavunja moyo, wakaondoka zao kucheza, nami siwaambii neno jingine. Haya ninayoandika ndiyo neno jingine, na nimelichelewesha mpaka meno yameniisha kinywani.

Nilikuwa mbeba machela. Kikosi chetu kilikuwa cha tiba, na kambi yake ilikuwa Same, upande wa chini wa reli, mahali ambapo upepo huvuma kutwa na vumbi lake unalitafuna ndani ya uji. Mimi ni Mpare wa milimani. Nimezaliwa kwenye ukungu na migomba, nikasomeshwa na misheni mpaka nikajua kufunga kidonda, kusoma kipimajoto na kuhesabu mapigo ya moyo. Kule kwetu tuliiona Same kwa mbali, chini, tambarare ya miiba na joto, na hakuna aliyeitamani. Wazungu waliitamani. Walitaka jua la uwandani lituivishe kwanza, kisha milima itumalizie.

Basi tulitembea. Siku tatu katika kila juma tuliamka, tukafunga mashanta, tukabeba machela na masanduku ya dawa yaliyojazwa mchanga, kwa sababu dawa zenyewe zilikuwa hazijafika. Tulivuka mbuga, tukaanza kupanda kwenye mawe yanayoteleza, njia za mbuzi, makorongo, kisha mashamba ya mahindi yaliyoning'inia kwenye miteremko, kisha baridi. Njia ambazo shangazi zangu walizipita na mikungu ya ndizi kichwani huku wakisengenya watu, sisi askari wa Mfalme tulizipita tukihema kama ng'ombe wanaopelekwa machinjioni. Walikuwamo Wanyamwezi, Wahehe, Wachaga, Wasambaa. Wote walinilaumu mimi kwa ile milima, kana kwamba ni baba yangu aliyeirundika.

Aliyetufundisha alikuwa sajini mmoja wa bara, mrefu, mkavu, ambaye katika vita vile vya kwanza alikuwa mpagazi. Alikuwa ameona wenzake wakifa njiani na mizigo ingali mabegani mwao, na aliyoyaona yalimfundisha jambo moja tu: kwamba huruma huua watu. Alilisema hilo kila asubuhi. Mimi nilimwogopa kuliko Wajerumani, na sikuwa peke yangu.

Sasa nieleze ile kazi yenyewe ilivyokuwa, maana bila hiyo mtu hatanielewa. Hatukuwa na majeruhi. Mbeba machela bila majeruhi hana la kujifunza, kwa hiyo tulitengeneza majeruhi kutokana na sisi wenyewe. Kila kundi la machela lilikuwa na watu sita. Asubuhi sajini alipita na kopo la sigara lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila mtu akachukua kimoja. Vitano vilikuwa vitupu. Cha sita kilikuwa kadi, na juu ya kadi limeandikwa jeraha: mguu umevunjika, mkono umekatika, risasi ya kifua. Aliyeipata aliivaa shingoni kwa kamba, akalala kwenye machela, na kuanzia hapo mpaka filimbi ya mwisho hakuwa tena mtu. Alikuwa kile kilichoandikwa. Kadi ikisema mguu, tulitibu mguu. Kama mwiba umemwingia jichoni, hilo halikutuhusu. Jicho halikuandikwa.

Majeruhi naye alikuwa na kazi yake. Alitakiwa alie, aombe, atukane, amtaje mama yake. Sajini alisema vitani ndivyo watakavyofanya, na mbeba machela anayeyumbishwa na kilio atawaua watu wote kwa ajili ya mmoja. Kwa hiyo majeruhi mzuri alisifiwa kwa kulia vizuri, na wabebaji wazuri walisifiwa kwa kutomsikia.

Usidhani tulichukia mchezo huo. Tuliupenda. Kila mtu aliomba Mungu apate kadi, maana aliyeipata alipanda mlima amelala. Na kwa kuwa sisi watano tulimwonea wivu, tulimkomoa. Tulimpitisha chini ya matawi ya miiba, tukamgongesha mgongo kwenye mawe, tukimtua tulimtua juani huku sisi tumekaa kivulini. Hakuweza kulalamika, kwani malalamiko yake yalikuwa sehemu ya kazi. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo tulivyopata sifa sote. Nilicheka sana siku zile. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, na nasema kweli kwamba ukatili ule ulinifurahisha.

Kadi ngumu kuliko zote ilikuwa ya tumbo. Iliandikwa: Risasi ya tumbo. Asipewe kitu kwa kinywa. Wakati ule ndiyo ilikuwa sheria ya tiba, aliyepigwa tumboni hanywi maji. Kadi hiyo sajini aliipenda kuliko nyingine, akawa anatembea na kundi lililoipata tangu mwanzo mpaka mwisho. Safari moja kundi fulani lilimwonea huruma majeruhi wao, wakamtilia maji mdomoni nyuma ya jiwe. Kesho yake sajini alijaza mawe kwenye machela yao, wakapanda nayo njia ileile mara mbili. Mmoja wao, Mhehe, alitenguka mgongo na hakunyooka tena. Tangu hapo hakuna aliyempa maji mtu wa kadi ya tumbo.

Katika kundi langu alikuwamo Msambaa mmoja, mtani wangu. Leo vijana wanasema utani wakimaanisha kuchekeshana tu. Kwetu utani ulikuwa undugu wenye ruhusa. Mtani anakutukana mbele ya mkweo, anachukua nyama kwenye sahani yako, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Yeye, kwa kuwa Wapare husemwa ni wachoyo, kila aliponiona nakula aliwaita watu waje washuhudie Mpare akila mali yake mwenyewe, kwamba huenda hawataliona jambo hilo tena maishani. Mimi niliwaambia watu kwamba kwao Usambara huoga mara mbili, siku ya kuzaliwa na siku ya kuoshwa maiti. Nilipopata barua kwamba bibi yangu amefariki, alikuja akalala kitandani pangu, akajifunika blanketi langu, akaanza kunung'unika kwa sauti ya bibi kizee anayedai ugoro wake. Hakuwahi kumwona bibi yangu. Nilicheka mpaka nikalia, na kilio kile ndicho kilichoniponya. Hiyo ndiyo kazi ya mtani kwenye msiba, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya.

Juma lile la matembezi makubwa alishikwa na kuhara. Siku ya kwanza alifanya mzaha. Siku ya pili aliniita nyuma ya vyoo, akanionyesha damu, na hapo hakufanya mzaha. Nilimwambia aripoti. Akasema hawezi. Alikuwa amekwisha kukosa matembezi mawili kwa sababu ya homa, na desturi ya kambi ilikuwa kwamba anayekosa ya tatu anafutwa na kukabidhiwa kwa wale waliokuwa wakikusanya watu wa kwenda kukata mkonge kwa lazima. Kaka yake alikuwa amepelekwa huko mwaka uliotangulia, akarudi na jicho moja, jingine limebaki kwenye ncha ya jani. Akaniapisha nisiseme. Nikaapa.

Nilimpa maji ya wali yenye chumvi, nikamwambia anywe, anywe tena, asiache kunywa. Misheni walinifundisha hivyo: mwenye kuhara akikosa maji, anakwisha upesi kuliko mwenye kidonda. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Naomba anayesoma alishike, kwa sababu baadaye nilisema kwamba sikujua.

Asubuhi ya matembezi yenyewe kapteni daktari alikuwapo, Mzungu mwembamba mwenye daftari dogo. Ilikwisha kusemwa kwamba kiongozi wa kundi litakalofanya vizuri atapewa ukoplo. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi letu, na ule ukoplo niliutaka mpaka usingizi ulikuwa haunijii. Tulikuwa tunapanda mpaka Chome, kutoka joto la Same hadi chini ya msitu wa Shengena, machela mabegani njia nzima.

Kopo lilipopita, kadi ilinijia mimi. Nikaifunua: tumbo. Nikamtazama mtani wangu. Amesimama kwenye mstari, uso umepauka kama jivu. Nilijua hatafika hata nusu ya njia kwa miguu, na akianguka ameenda mkonge. Kubadilishana kadi kulikatazwa, lakini kila mtu alifanya. Nikampenyezea kadi mkononi, nikachukua karatasi yake tupu.

Alipoisoma alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Alininong'oneza kwamba leo atalala kama sultani na Mpare atakuwa punda wake. Tukapatana haraka haraka: anywe sana kabla ya kuondoka, na njiani sajini akitangulia nimpe maji kwa siri. Alikunywa chupa nzima. Tulikuwa bado hatujaondoka alipokimbilia kichakani, na yote yakatoka. Akarudi, akalala kwenye machela, nikamfunga mikanda mwenyewe. Nilijiona mtu mwema siku ile.

Sajini hakutangulia. Aliona kadi ya tumbo, akaja akashika mwendo pembeni ya machela yetu, mikono nyuma, na hakubanduka.

Mbugani mtani wangu alikuwa bado ana nguvu ya maneno. Aliwaita watu waje waone Mpare anayemnyima maji hata maiti. Alisema mbinguni nitamwuzia Mtume Petro maji ya kisima. Wabebaji walicheka, sajini naye alicheka, akasema majeruhi wa namna hii hajawahi kumpata. Mimi nikafanya jambo ambalo kila mtu pale alitazamia mtani afanye. Nikafungua chupa yangu, nikanywa taratibu mbele ya uso wake, nikasema aah, na yaliyobaki mdomoni nikayatema chini. Kila mtu alicheka tena. Yeye aliyatazama yale maji yakizama kwenye vumbi.

Nilijiambia nitampa tukifika mawe ya kwanza. Tukafika mawe ya kwanza, sajini yuko pale. Nikajiambia tukifika kwenye korongo. Kwenye korongo sajini alishika mwenyewe upande mmoja wa machela kutuonyesha namna ya kuvuka. Jua lilikuwa limesimama utosini. Wabebaji waliokuwa mbele walianza kumrusharusha kama kawaida, wakamgongesha kiuno kwenye jiwe. Akajichafua. Harufu ikapanda, wabebaji wakatukana, mmoja akasema wamtupe huko chini. Sajini akawakaripia, akasema mtu wa tumbo lazima ajichafue, na kwamba wajifunze kwa huyu anayeijua kazi yake. Alimwita kapteni aje aone. Kapteni alitazama, akaandika kwenye daftari.

Tangu hapo maneno ya mtani wangu yalibadilika. Mizaha iliisha. Aliomba tu, kwa sauti ndogo, bila kupumzika. Ulimi ulikuwa umevimba na midomo imepasuka. Mimi nilitembea upande wa kichwa chake na chupa ikinigonga kiunoni kila hatua, na niliisikia ikicheza maji ndani.

Karibu na saa nane tulifika kwenye ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga kwa mawe na udongo kukusanya maji ya mfereji, na maji yake hufunguliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Siku ile lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Tuliamriwa kutua machela na kupumzika. Wabebaji walikimbilia majini, wakanywa, wakajimwagia vichwani, wakajaza chupa. Kapteni alivua viatu, akatumbukiza miguu. Machela ilikuwa hatua tano kutoka ukingoni.

Mtani wangu alisikia maji. Akafumbua macho, akageuza kichwa, akaniita kwa jina langu la ubatizo, jina ambalo hakuwahi kulitumia hata siku moja.

"Sasa si utani," alisema. "Nakufa. Nipe maji."

Sajini alikuwa amesimama juu yetu sote wawili. Alikuwa anatabasamu kidogo, ananingoja. Nyuma yake kapteni alikuwa amefungua daftari. Niliona mawe kwenye machela, nikaona mgongo wa yule Mhehe, nikaona utepe wa koplo begani mwangu. Vyote hivyo niliviona, na yeye nikamwona wa mwisho. Nikasema kwa sauti kubwa, ili wenye kusikia wasikie:

"Kadi yako inasema nini?"

Sajini alinipiga begani kwa furaha.

Pale pale alikuja mama mmoja wa mlimani, wa rika la mama yangu, na kibuyu cha maji mkononi. Alikuwa amesimama mbali akitutazama. Hakuona kadi wala zoezi, aliona mtu anaomba maji. Akaja moja kwa moja kwenye machela, akapiga magoti. Nikamzuia mkono. Akaniuliza kwa Kipare, polepole, mimi ni mtoto wa nani, na ni katika ukoo gani wanamnyima maji mtu aliyelala chini. Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo na mkubwa, anajibu. Kwanza anaamkia, kisha anataja baba yake na babu yake. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha kambini kwamba simwelewi, mimi si mtu wa huku. Alinitazama usoni kwa muda, akasimama, akaenda zake, na njia nzima ya kushuka alikuwa akisema peke yake.

Kutoka ndiva kwenda juu mtani wangu hakuomba tena. Wabebaji walifurahi kwa kuwa ametulia. Ukungu ulishuka, baridi ikaingia, sisi tukawa tunatoa jasho na yeye hakuwa na tone hata moja. Niliweka vidole kwenye mkono wake kama misheni walivyonifundisha. Mapigo yalikuwa membamba, yanakimbia, mara yanapotea. Nilibana ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa. Hakuna dresa, mfunga vidonda wa misheni, asiyejua maana yake: maji yamemwisha mwilini.

Nikafungua kinywa. Nikasema, "Afande, huyu..."

"Huyu nini?" sajini aliuliza.

Kapteni naye aligeuka kunitazama. Tulikuwa tumebakiza kilima kimoja tu. Nikasema, "Huyu anahitaji blanketi."

Sajini akamweleza kapteni kwa Kiingereza chake cha jeshini kwamba kiongozi huyu ameona baridi kabla ya kuambiwa. Kapteni akaandika. Nikamfunika mtani wangu blanketi, nikamsukumia ncha zake chini ya miguu vizuri, kwa ustadi wote.

Chome tulifika kwenye uwanja wa shule. Walimu walikuwa wametupikia makande, sufuria kubwa mbili, mvuke unapanda. Machela zilipangwa kwenye mstari. Sajini akapuliza filimbi, akasema zoezi limekwisha, majeruhi wote wasimame. Wale wengine waliruka, wakajinyoosha, wakavua kadi zao, wakaanza kuchekana na wabebaji wao. Kwetu hakuinuka mtu. Sajini akacheka, akasema huyu anataka abebwe mpaka kwenye chakula. Akaigusa machela kwa ncha ya kiatu, akamwambia tena kwamba limekwisha, anaweza kusimama.

Hapo ndipo nilipofungua chupa. Filimbi ilikuwa imelia, hakuna aliyenizuia. Nikamwinua kichwa, nikamtilia maji mdomoni, yakatoka yote pembeni, yakateremka shingoni mpaka kwenye kadi. Nikatia tena. Nilitia chupa nzima. Kapteni alinisukuma, akapiga magoti, akafanya yale madaktari wanayofanya, lakini sanduku lake lilikuwa na mchanga kama masanduku yetu. Wabebaji walikuwa wamepanga foleni ya makande. Kabla sahani hazijawazungukia wote, mtani wangu alikuwa amekufa.

Kapteni aliuliza swali moja, sajini akalitafsiri: je, mtu huyu alikuwa mgonjwa kabla ya leo? Wote wakanitazama mimi kwa sababu nilikuwa kiongozi na rafiki yake.

"Sikujua, afande," nikasema.

Ikaandikwa kwamba marehemu alificha ugonjwa kinyume cha amri, na kwamba kundi lake lilifuata maagizo kikamilifu. Tulimteremsha usiku uleule. Wabebaji walewale waliomgongesha kwenye mawe walitembea kama wamebeba mayai mpaka reli. Sajini alimvua kadi mwenyewe, akaipangusa kwenye kaptura, akairudisha koponi. Juma lililofuata mtu mwingine aliivaa. Mimi nilipewa ukoplo.

Walimzika Same kwa heshima ya Kiislamu, haraka, kwa sababu ya joto. Arobaini yake ilipokaribia, kapteni alinipa ruhusa ya siku tano nipeleke vitu vyake kwao: kofia, mkeka wa kusalia, picha moja. Nilishuka treni Mombo, nikapanda Usambara kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Niliamua nitasema kweli. Nilikuwa nimemdanganya kapteni, lakini mama mzazi sitamdanganya. Wanifanye watakavyo, wanipige, wanifukuze, wanishtaki. Nililitamani hilo, nakiri. Nilitaka mtu aniadhibu.

Uani kulijaa watu. Neno lilikuwa limetangulia kwamba mtani wa marehemu, Mpare wa jeshini, anakuja. Nilipotokea, wanawake walinipaka majivu usoni, mmoja akaninyang'anya kofia. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, mlangoni. Waliniambia tangu habari ilipofika hajala vizuri wala hajazungumza na mtu zaidi ya neno moja mawili. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikabaki nimesimama mbele yake na majivu yangu, nikasema niliyoyapanga.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua mwanao. Aliniomba maji kutwa nzima, nikamnyima. Chupa ilikuwa hapa kiunoni, imejaa."

Ajuza mmoja upande wa jikoni akacheka, na uani mzima ukafuata. Mtu akasema mnashangaa nini, Mpare huyo, maji si mali? Mwingine akasema shukuruni hakumnyima na hewa. Nikasema ni kweli. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli, kwamba alinisihi, kwamba nilikunywa mbele yake nikatema chini. Wakacheka zaidi, wengine wakashikana mabega, maana ndivyo mtani anavyotakiwa kusema msibani, na mimi nilikuwa nasema vizuri kuliko wote waliotangulia. Kijana mmoja alifungua chupa kiunoni mwangu, akaikimbiza kuzunguka ua akilia kwa sauti ya Kipare.

Nikamtazama mama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, na nikasema moyoni, sasa ameelewa. Akainua uso. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango, akafuta machozi kwa pindo la kanga, akaniita nisogee, akanikalisha miguuni pake na kuniwekea mkono kichwani.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Alikuombaje? Niigizie nimsikie."

Nikalala chali kwenye vumbi la ua wao, nikafumba macho, nikaanza kumwomba maji kwa sauti ya mwanawe.